Motokaa Yenye Mbio na Mfuko wa Mwenyewe

Sisi ni mafundi watatu wa motokaa. Gereji yetu iko katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na kazi hii tumeishika muda mrefu. Zamani tulikuwa tukitengeneza hasa malori, teksi, na motokaa ndogo za watu wanaokwenda kazini. Siku hizi wanatujia pia vijana wenye motokaa za mbio. Zimelala chini karibu na udongo, zina magurudumu mapana, zina bawa nyuma, na sauti zake husikika tangu barabara ya pili. Si mpya. Zilikwisha kutumika katika nchi nyingine miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Ndizo tunazoziita sisi wa Katanga motokaa za okazio.

Twataka kusema nanyi kidogo juu ya motokaa hizo. Labda mtashangaa kuona fundi anawaonya watu juu ya kitu kinachomletea chakula. Ni kweli, motokaa ikiharibika sisi twapata kazi. Lakini fundi naye ni jirani, naye ni mzazi. Nyuma ya gereji yetu zimo motokaa tatu ambazo majani yameota kati ya magurudumu yake. Wenyewe walizileta zitengenezwe, wakasikia bei, wakaenda kutafuta fedha, hawajarudi. Motokaa ya namna hiyo haimfaidi mwenyewe wala fundi. Afadhali kazi ndogo ya mtu mwenye akiba kuliko kazi kubwa ya mtu asiyeweza kuilipa.

Hatusemi kwamba kuipenda motokaa nzuri ni upumbavu. Mashine iliyotengenezwa kwa ustadi ni furaha ya macho na ya masikio. Sisi wenyewe tukifungua injini ya namna hiyo, twawaita vijana wote wanaojifunza kazi kwetu waje kuitazama. Shida haimo katika kuipenda, imo katika hesabu.

KWA NINI HUUZWA KWA BEI NDOGO?

Nyingi za motokaa hizi hutoka Japani. Hupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam au Durban, kisha hufuata barabara. Ile inayotoka Dar es Salaam hupita Tunduma, hukata nchi ya Zambia, huingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa, uliopo kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi. Safari yote yakaribia kilomita 2,000, na mara nyingi motokaa hujiendea yenyewe kwa magurudumu yake. Kwa hiyo, siku unayoipokea na kuiosha kwa furaha, yenyewe imekwisha kufanya mtihani mkubwa.

Huko Japani, sheria yataka motokaa ya mtu binafsi ikaguliwe mara ya kwanza baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2. Ukaguzi huo huenda pamoja na kodi, bima na matengenezo, na kadiri motokaa inavyozeeka, ndivyo gharama inavyokua. Wengi huona heri kuiuza kuliko kuilipia tena. Hivyo zimo motokaa zinazouzwa zikiwa bado nzima kabisa. Lakini zimo pia zile ambazo mwenyewe alisikia mlio asioupenda ndani ya injini, akawahi kuiuza kabla mlio haujakua. Zote mbili hung'aa sawasawa katika picha, na muuzaji hakuambii ni ipi.

Tena kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalifikiri. Motokaa huzeeka, lakini bei ya vyombo vyake haizeeki. Motokaa ambayo ilipokuwa mpya ilikuwa ya matajiri, leo yaweza kupatikana kwa bei ya motokaa ndogo ya kawaida. Basi mtu husema: nimepata bahati. Lakini breki zake, turbo yake, klachi yake na sanduku lake la gia vimebaki vile vile vya motokaa ya matajiri. Umenunua kwa bei ya maskini kitu kinachokula kama tajiri.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Ulaya na Marekani wamekwisha kuyaona. Zile Porsche 911 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1997 zina beringi moja ndogo ndani ya injini, na ikivunjika huweza kuiua injini nzima. Jambo hilo lilifikishwa mahakamani Marekani, nao wenye motokaa na kampuni wakapatana mwaka 2013. BMW M3 iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 hadi 2006 yajulikana kwa sakafu ya nyuma inayopasuka pale inaposhikwa na chuma cha magurudumu, na kampuni yenyewe iliziita nyingi za miaka ya kwanza ili zibadilishwe beringi za injini. Tena Ferrari F355, ya miaka ya 1994 hadi 1999: ili kubadili mkanda wa injini, ambao ni kazi ya kawaida ya matunzo, injini yote hutolewa nje. Hao ni mabwana wakubwa, na katika barabara za Lubumbashi ni wachache. Lakini fundisho ni lile lile kwa yule mwenye Subaru, Mitsubishi au Toyota yenye mbio.

CHAKULA CHA MGENI

Motokaa ya mbio ni kama mgeni aliyezoea chakula cha kwao. Mtu akimpokea, yampasa kujua kwanza anakula nini.

Chakula cha kwanza ni petroli, au esanse kama tunavyosema huku. Injini nyingi za Kijapani zenye turbo zilipimwa kwa esanse bora ya kule, inayokaribia okteni 100. Okteni ndicho kipimo cha uvumilivu wa esanse, yaani uwezo wake wa kukandamizwa bila kuwaka kabla ya saa yake. Injini ya kawaida huridhika na kipimo cha chini. Lakini katika injini yenye turbo, hewa haivutwi tu, husukumwa ndani kwa nguvu, na joto huwa kali sana. Esanse dhaifu haivumilii, huripuka kabla ya wakati. Hapo mtasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni. Kompyuta ya injini hujaribu kuiokoa kwa kupunguza nguvu, lakini dereva akizidi kukanyaga, mwisho pistoni hupasuka penye ringi zake. Sasa fikirini motokaa hiyo inapojazwa esanse ya madumu na chupa za barabarani, kwa wale wauzaji ambao watu wengi wa Congo huwaita kadhafi. Humo huweza kuwamo maji, vumbi, au mafuta ya taa. Motokaa ndogo hukohoa ikaendelea, ile ya mbio hufa.

Chakula cha pili ni hewa. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Yenye turbo hutaka kurudisha hasara, basi turbo huzidi kuzunguka. Gurudumu lile dogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nalo hushikwa na utando mwembamba wa oili, basi. Kijana akifika nyumbani kwa mbio na kuzima injini papo hapo, oili husimama ndani ya chuma chenye moto mkali, huungua, hugeuka masizi, na kuziba njia zake. Kama angaliiacha injini ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, angalijiokolea fedha nyingi. Dakika mbili hazina bei, lakini turbo ina bei.

Pamoja na hewa kuna vumbi. Tangu mwezi wa Mei hata Septemba hatupati mvua, na udongo wetu mwekundu hupanda mpaka ndani ya sahani. Vijana hupenda kuondoa sanduku la chujio la hewa na kuweka chujio la wazi ili injini ivume vizuri. Kwa kweli huvuma, na vumbi hupita likazila pala za turbo na kuta za silinda kama msasa. Mvua zikianza, tope hujaa katika rejeta, maji hayapoi, na gasketi ya kichwa cha injini huungua.

Chakula cha tatu ni oili. Injini za namna hii hutaka oili bora, na sisi twashauri ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kuahirisha. Injini ya Subaru Impreza WRX, kwa mfano, ambayo pistoni zake zimelala ubavuni, hujulikana na mafundi kwamba beringi zake za ndani hazivumilii hata kidogo uhaba wa oili. Mtu hupima oili kila juma, asingoje taa nyekundu. Taa hiyo ikiwaka, mara nyingi haileti onyo, inaleta tanzia. Na mkanda wa injini ni vivyo hivyo. Injini nyingi za namna hii hutaka ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, lakini je, nani ajuaye motokaa imekwenda kilomita ngapi, ikiwa saa yake imerudishwa nyuma? Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni, na injini hubaki chuma chakavu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako wanaotujibu: Papa fundi, mbona motokaa hizi zilishinda mashindano ya Safari Rally ya Kenya, penye vumbi na mawe kuliko huku? Ni kweli. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Subaru Impreza. Lakini yule hakwenda peke yake. Njiani walimngoja mafundi wengi wenye mipira, shokapu na vyombo vingine tayari, nao wakikazana kuitengeneza kila iliposimama. Motokaa yake ilishinda kwa sababu watu walikuwa wakiitengeneza siku nzima. Nawe nyumbani kwako ni nani anakungoja na shokapu mpya?

BARABARA NA MAISHA YA WATU

Hayo yote ni juu ya fedha. Sasa kuna jambo lililo kubwa kuliko fedha.

Motokaa ya mbio huwa na mipira yenye ukingo mfupi, ili ishike vizuri lami laini. Barabara zetu zina mashimo. Penye shimo, mpira mfupi hauna mahali pa kubonyea, kwa hiyo rimu ndiyo hupinda, na mpira hupasuka ubavuni. Wengi, wakisha kuona bei ya mipira mipya, hununua iliyokwisha kutumika. Tazameni ubavuni mwa mpira: kuna tarakimu nne zinazofuatana. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 2314 maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa miaka kumi, hata ukiwa na meno mazuri, umekwisha kukauka kama ngozi ya ngoma. Karibu na hapo huwa na herufi inayoonyesha mwendo mkubwa unaoruhusiwa: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Usiweke mpira wa herufi ya chini kwa sababu ya bei.

Breki nazo zataka uangalifu. Maji ya breki hunywa unyevu wa hewa polepole, kwa hiyo yafaa kubadilishwa kila miaka miwili. Yakizeeka, breki zikipata moto sana maji yale huchemka, na pedali huzama mguuni bila kushika kitu. Motokaa yenye nguvu nyingi na breki za zamani ni hatari kuliko lori bovu, kwa maana lori bovu haliendi mbio.

Tena usukani. Japani, Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto wa barabara, sisi huendesha kulia. Motokaa zao zina usukani upande wa kulia. Kwa hiyo dereva wetu huketi upande wa majani, mbali na katikati ya barabara. Akiwa nyuma ya lori lililojaa shaba au kobalti katika barabara ya Likasi, na akitaka kulipita, haoni kinachokuja mbele mpaka motokaa karibu yote imekwisha kutoka katika njia yake. Katika motokaa ndogo dereva huogopa, naye hungoja. Katika motokaa ya mbio hujiambia: nina nguvu, nitapita. Nguvu aliyo nayo haimpi macho.

Motokaa nyingi zilizotengenezwa kwa kuuzwa Japani hufungiwa chombo kisichoziruhusu kupita kilomita 180 kwa saa. Vijana wamekuja kwetu wakitaka tukifungue. Twawajibu kwa upole kwamba kazi hiyo hatuifanyi. Tangu hapa hata Likasi ni kilomita 120 hivi, na kati yake kuna malori, baiskeli za makaa, watoto wanaovuka kwenda shule. Kilomita 180 kwa saa zaweza kumfaa nani katika barabara hiyo?

MIFANO MIWILI

Tutawaeleza sasa habari za watu wawili waliokuwa na motokaa za namna moja. Majina hatuyataji.

Wa kwanza ni kijana aliyepata fedha Kolwezi katika biashara ya madini. Alikuwa mtoto mwema. Baba yao alikwisha kufariki, na yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia mama yake na kumlipia dada yake mdogo masomo ya chuo kikuu hapa mjini. Alinunua motokaa yenye turbo kwa fedha yote aliyokuwa nayo. Mwezi wa kwanza akanunua mipira minne. Mwezi wa tatu klachi ikaisha. Mwezi wa sita injini ikachemka, gasketi ikaungua. Kila mara alilipa, na kila mara alisema: ni hii tu, baada ya hapo itatulia. Siku moja akasikia injini ikigonga chini. Tulimwambia asiiendeshe hata mtaa mmoja. Lakini alikuwa na mtu wa kumpeleka Kasumbalesa kwa biashara, akaenda. Motokaa ilirudi juu ya lori, na chuma cha pistoni kimetoboa ubavu wa injini.

Ikatakiwa injini nyingine kutoka Dar es Salaam, nayo ya okazio. Tulimshauri auze motokaa kama ilivyo. Alituambia: Papa, nimekwisha kutia fedha nyingi mno, siwezi kuacha sasa. Neno hilo twalisikia mara nyingi gerejini, nalo limewaangamiza wengi. Fedha iliyokwisha kutoka hairudi kwa kufuatwa na nyingine. Alikopa. Injini ya pili ilidumu miezi michache tu.

Baadaye mama yake alikuja kwetu, peke yake. Alisimama mlangoni, akatusalimu sote kwa adabu, akauliza: Wapapa, hii motokaa ya mtoto wangu itapona lini? Kwa sababu binti yangu amefungiwa masomo, anangoja motokaa ipone ndipo alipiwe. Hatukuweza kujibu upesi. Tulimpa kiti, kisha tukamwambia ukweli: Mama, kwa fedha mliyo nayo, hii haiponi. Afadhali iuzwe leo. Alimwita mwanawe, wakazungumza chini ya mwembe ulio mbele ya gereji muda mrefu. Kijana akakubali. Walipata sehemu ndogo sana ya fedha iliyotumika, lakini ilitosha kulipa deni na kumrudisha binti darasani. Alikuwa amepoteza mwaka mmoja mzima.

Wa pili ni mtu wa makamo, mfanyakazi wa mshahara, asiye tajiri kuliko yule kijana. Naye aliipenda motokaa ya namna ile tangu ujana. Lakini aliweka akiba miaka mingi, na alipokwisha kupata bei ya motokaa hakuinunua. Aliendelea kuweka mpaka akapata tena fedha nyingine ya kadiri hiyo hiyo. Ndipo aliponunua. Kabla ya kuanza kuitumia aliileta kwetu: tukabadili oili zote, mkanda na pampu ya maji, maji ya breki, mipira, na mipira midogo ya miguu ya chini. Ana daftari ambalo huandika kila lita na kila bolti. Siku za kazi hupanda basi, motokaa huiendesha siku za mapumziko. Hata hivyo mwaka wa pili turbo yake iliharibika. Msidhani kwamba uangalifu huondoa gharama zote. Lakini alilipa bila kukopa, na nyumbani kwake hakuna aliyelala na njaa kwa sababu ya turbo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU KABLA YA KUTOA FEDHA

Haya, tufanye hesabu pamoja. Tuseme motokaa imefika mlangoni pako kwa dola 8,000, ukisha kulipa meli, safari, ushuru wa forodha, na ile kodi ya thamani ya asilimia 16. Bado kuna namba, bima, kodi ya mwaka na ukaguzi. Kisha tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi. Motokaa ndogo hunywa kama lita 7 kwa kilomita 100, yaani lita 70 kwa mwezi. Yenye turbo, ndani ya mji, hunywa upesi lita 14, yaani lita 140. Kwa mwaka mmoja umenunua lita 840 zaidi ya jirani yako, nanyi mmekwenda mahali pale pale. Hapo hatujataja mipira, wala breki, wala klachi, wala turbo. Ukivijumlisha vyote pamoja na injini, mara nyingi utaikuta bei ya motokaa nzima imerudi.

Ndiyo maana katika gereji yetu tuna kanuni moja, na twawaambia wote wanaotuuliza: asiyeweza kuinunua mara mbili, asiinunue mara moja.

Mtu mwenye uwezo huo, naye bado aitamani, basi afanye hivi. Aombe karatasi ya mnada wa Japani, iliyoandikwa hali ya motokaa siku ilipouzwa, na alinganishe kilomita. Aende kuitazama asubuhi injini ikiwa baridi, maana muuzaji mwerevu huipasha moto kabla ya mgeni kufika. Atazame moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia ndani, mweusi ni esanse iliyozidi. Afungue kifuniko cha oili. Akiona povu kama maziwa, afunge, aage, aende zake. Apimishe mkandamizo wa silinda zote, na kompyuta isomwe na mtu mwenye mashine. Akikuta vyombo vingi vimebadilishwa ili kuongeza nguvu, ajue kwamba aliyevitia hakuwa mtu wa kwenda polepole. Na zaidi ya yote, aje na fundi asiyepata kitu katika biashara ile.

Kwa wale walio nayo tayari, hatuwaambii waitupe. Waitunze, waipe chakula chake, na ikigonga waizime pale pale, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha. Lori la kuivuta ni rahisi kuliko injini.

Nanyi wazazi, kijana wenu akileta nyumbani habari ya motokaa ya namna hii, msimcheke wala msimfukuze. Kaeni naye mezani na kalamu na karatasi. Upande mmoja aandike bei ya kuinunua, upande wa pili aandike gharama ya kuitunza mwaka mmoja, na chini yake aandike majina ya watu wanaomtegemea. Karatasi ile na ibaki mezani siku kadhaa, kabla fedha haijatoka mfukoni.